Ngazi za Haki Kwenye Mto Kongo: Miaka 100 ya Mahakama, Kutoka Yangambi Hadi Kisangani

Tarehe 15 Aprili 1926 utawala wa Ubelgiji ulitoa dekreti kuhusu mahakama za wenyeji wa Kongo, yaani sheria iliyotolewa kwa saini ya mfalme bila kupigiwa kura na bunge, na kwa dekreti hiyo mabaraza ya machifu yalitambuliwa kuwa mahakama kamili, yakawekewa mipaka, daftari na msimamizi. Mwaka 2026 dekreti hiyo inatimiza miaka 100. Sheria nyingine zimekwisha kuchukua nafasi yake, lakini umbo ililoliacha bado linaonekana katika mkoa wa Tshopo, ambako mkazi wa Yangambi mwenye shauri la shamba, la mirathi au la wizi hujikuta kati ya baraza la wazee lililo karibu naye na mahakama ya serikali iliyo mbali. Historia ya karne hiyo ina majina mengi ya sheria na tarehe nyingi, ila inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kwa kufuata swali moja: hakimu akikosea, ni nani aliye juu yake, na mtu aliyekosewa atamfikia kwa njia gani?

Swali hilo lina uzito wa pekee Yangambi kwa sababu ya mahali penyewe. Yangambi iko ukingo wa kulia wa Mto Kongo, kilomita zipatazo 100 chini ya Kisangani, ndani ya teritori ya Isangi, na makao ya teritori hiyo yako ukingo wa pili, pale mto Lomami unapoingia katika mto mkubwa. Mwenye kesi anayeelekea ofisi za teritori hushuka na mto na kuuvuka, na yule anayeelekea mahakama za jiji huupanda hadi Kisangani kwa boti ya mbao, kwa mtumbwi, au kwa barabara ya msituni ambayo mvua huiharibu mara kwa mara. Ardhi ya Yangambi ni ya Waturumbu kwa asili. Walokele wanaishi kwa uvuvi na biashara ya mtoni. Wambole wako ng'ambo. Na juu ya hao wote wapo watu wa makabila mengi walioletwa na kazi za utafiti wa kilimo. Kila kundi lina mila yake kuhusu ndoa, mahari, urithi na shamba, jambo ambalo waandishi wa sheria walilikuta na hawakuweza kulikwepa.

Kabla ya kuwapo kwa mahakama za serikali, eneo la maporomoko lililoitwa Stanley Falls, karibu na Kisangani ya leo, lilikuwa chini ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, ambao ndio walioleta Kiswahili katika sehemu hizo. Mwezi Februari 1887, kwa mkataba uliofanywa Zanzibar, Tippu Tip, mmoja wao, aliteuliwa kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mamlaka ya kuamua kesi, kuongoza vita na kutawala biashara yalikuwa mikononi mwa mtu yule yule, na hapakuwa na yeyote wa kupelekewa rufaa. Vita vya miaka ya 1892 hadi 1894 vilipowaondoa wafanyabiashara hao, mamlaka hayo yote matatu yaliingia mikononi mwa maofisa wa kijeshi wa Dola Huru.

Tukio la Januari 1895 linaonyesha vizuri hatari ya mpango huo. Mfanyabiashara Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, alikamatwa katika eneo la Ituri kwa tuhuma ya kuwauzia silaha maadui wa Dola Huru, akapelekwa Lindi ya Kongo kwa Kapteni Hubert Lothaire wa Dola Huru, akahukumiwa kwa haraka na mahakama ya kijeshi, na tarehe 15 Januari akanyongwa. Kwa kuwa Stokes alikuwa raia na si mwanajeshi, sheria ya Dola Huru yenyewe ilimpa haki ya kukata rufaa mbele ya mahakama ya Boma, karibu na bahari, lakini Boma ilikuwa mbali na kamba ilikuwa karibu. Uingereza na Ujerumani zililalamika, Dola Huru ikalipa fidia ya faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani, na Lothaire alishtakiwa Boma mwaka 1896, akaachiliwa, kisha akaachiliwa tena na baraza la juu mjini Brussels. Wakongo wengi mno waliuawa katika miaka hiyo pasipo kesi wala fidia, na ni haki kusema kwamba Stokes anakumbukwa kwa sababu alikuwa na serikali za kumdai. Hata hivyo shauri lake liliacha hoja ambayo historia yote ya mahakama za Tshopo inairudia, nayo ni kwamba haki ya rufaa iliyoandikwa katika sheria haimfai mtu ikiwa mahakama ya rufaa haifikiki kabla ya adhabu kutekelezwa.

Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwaka 1908, ilijenga mifumo miwili sambamba. Wa kwanza ulikuwa wa mahakama za sheria iliyoandikwa, zenye mahakimu Wazungu waliosomea sheria, ambazo ziliwashughulikia Wazungu katika mambo yote na Waafrika katika makosa makubwa ya jinai. Wa pili, uliopangwa na dekreti ya 1926, ulikuwa wa mahakama za wenyeji, ambamo chifu pamoja na wazee wake walisikiliza mashauri ya watu wao kwa kufuata mila, huku mahakama ya teritori, iliyoongozwa na msimamizi wa teritori, ikiwa juu yao. Karani aliandika majina ya wenye shauri, madai na uamuzi katika daftari, na daftari hilo lilikaguliwa na msimamizi na pia na hakimu wa mashtaka, aliyekuwa na uwezo wa kufuta hukumu iliyokiuka sheria. Mila ilikubaliwa mradi haipingani na kile watawala walichokiita utulivu wa umma.

Dekreti hiyo inahitaji kupimwa kwa uadilifu, kwa kuwa ilikuwa na nyuso mbili ambazo hazitenganishwi. Kwa upande mmoja iliwapa watu mahakama iliyo karibu, isiyodai wakili, inayozungumza lugha yao na kuijua historia ya ugomvi wao, na kwa njia ya daftari ilianzisha kumbukumbu ambayo mabaraza ya zamani hayakuwa nayo. Kwa upande mwingine ilimgeuza chifu kuwa mtumishi wa serikali anayeweza kuondolewa kazini, na ilimfanya msimamizi wa teritori, yule yule aliyekusanya kodi na kusimamia kilimo cha lazima, kuwa hakimu wa rufaa juu ya watu aliowatoza na kuwalazimisha. Mkulima aliyeadhibiwa kwa kutolima pamba alimkuta juu ya ngazi mtu yule aliyemwamuru kulima. Mahakama yenye kasoro ya namna hiyo inaweza kuamua vizuri ugomvi wa mahari, lakini haiwezi kumlinda raia dhidi ya serikali, na kulinda huko ndiko kazi ngumu zaidi ya mahakama yoyote.

Mwezi Desemba 1933 ulileta mabadiliko mawili yaliyoigusa Yangambi kwa pamoja. Tarehe 5 ilitoka dekreti iliyopanga upya maeneo ya kichifu na masekta, sekta ikiwa muungano wa vikundi vidogo vilivyowekwa chini ya chifu mmoja aliyeteuliwa, na kila eneo la aina hiyo likawa na mahakama yake. Tarehe 22 amri ya kifalme iliunda INEAC, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ambayo kituo chake kikuu kilijengwa Yangambi, pamoja na maabara, mashamba ya majaribio ya michikichi, kahawa na mpira, na vijiji vya wafanyakazi. Tangu hapo mji mdogo wa wageni ulikua katikati ya ardhi ya wenyeji, na mashauri ya aina mpya yakazuka: mwanamume wa kabila moja aliyeoa binti wa kabila jingine mbele ya majirani wa kabila la tatu, akafa akiacha nyumba ya kampuni, baiskeli na mshahara usiolipwa, alirithiwa kwa mila ya nani? Mahakama za mila zilitengenezwa kwa dhana kwamba kila mtu anaishi miongoni mwa watu wake, na Yangambi ilikuwa mojawapo ya mahali pengi nchini ambapo dhana hiyo haikulingana na maisha.

Jijini Kisangani, Stanleyville ya wakati huo, mfumo wa sheria iliyoandikwa ulijitokeza wazi zaidi katika siasa. Baada ya ghasia za mwisho wa Oktoba 1959, kiongozi wa kupigania uhuru Patrice Lumumba alikamatwa tarehe 1 Novemba, akashtakiwa kwa uchochezi, na tarehe 21 Januari 1960 mahakama ya Stanleyville ikamhukumu kifungo cha miezi 6. Siku chache baadaye aliachiliwa ili ahudhurie Mkutano wa Meza ya Duara kuhusu uhuru wa Kongo mjini Brussels, kwa kuwa wajumbe wenzake walikataa kuendelea bila yeye. Mfungwa huyo aliachiliwa kwa uamuzi wa kisiasa, wala si kwa rufaa, na kitendo hicho, kilichokuwa chema kwa nchi, kiliwafundisha Wakongo wa kizazi hicho kwamba mlango wa gereza unafunguliwa na wenye mamlaka kuliko unavyofunguliwa na mahakimu. Somo hilo lilikaa muda mrefu.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa hakimu wa kudumu katika mahakama za sheria iliyoandikwa, kwa sababu Ubelgiji ilichelewa mno kufungua masomo ya sheria ya chuo kikuu kwa Wakongo. Majeshi yalipoasi mwezi Julai, mahakimu wengi wa Kibelgiji waliondoka. Umoja wa Mataifa ulisaidia kuwaajiri mahakimu kutoka nchi nyingine, na mwaka 1961 ilifunguliwa shule ya taifa ya sheria na utawala mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, ili kuwaandaa Wakongo kwa haraka. Katika muda huo mahakama zilizoendelea kufanya kazi kila siku vijijini zilikuwa zile za machifu, pamoja na dosari zake zote. Kisha mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville tarehe 5 Agosti na kuushikilia hadi Novemba, na watu waliuawa hadharani mbele ya mnara wa Lumumba baada ya kile kilichoitwa hukumu ya umma. Wakazi wa mkoa huu hawakuhitaji kusimuliwa na vitabu maana ya mji usio na mahakama.

Kazi ya kuunganisha mifumo miwili kuwa mmoja ilianza kwa Kanuni ya muundo na mamlaka ya mahakama ya tarehe 10 Julai 1968, ikakamilishwa kwa ordonansi yenye nguvu ya sheria ya tarehe 31 Machi 1982. Ngazi iliyopangwa na sheria ya 1982 ilikuwa na daraja nne: mahakama ya amani chini, mahakama ya daraja la pili ambayo kwa Kifaransa cha sheria huitwa tribunal de grande instance, mahakama ya rufaa, na Mahakama Kuu ya Sheria mjini Kinshasa. Mahakama ya amani, tribunal de paix, ndiyo iliyokusudiwa kurithi kazi ya machifu, na sheria ilisema kwamba mahakama za mila zingeendelea kwa muda tu, hadi mahakama ya amani itakaposimikwa katika eneo husika. Muda huo uligeuka kuwa miongo. Ujenzi wa mahakama unahitaji jengo, mahakimu, makarani, karatasi na mishahara, na dola ya chama kimoja, ambayo katika katiba ya 1974 iliwafanya mahakimu kuwa chombo cha chama cha MPR kwa jina la Baraza la Mahakama, haikuwa na haraka ya kuwapa wanavijiji hakimu wa karibu.

Muundo unaotumika sasa unatokana na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 149 kinasema kwamba mamlaka ya mahakama yako huru mbele ya bunge na serikali, na kwamba haki hutolewa kwa jina la wananchi. Kifungu cha 151 kinaikataza serikali kumpa hakimu maagizo juu ya shauri lililo mbele yake. Mahakama Kuu ya zamani iligawanywa kuwa tatu. Mahakama ya Katiba, ambayo wajumbe wake waliapishwa mwaka 2015, huchunguza kama sheria zinapatana na Katiba na huamua mashauri ya uchaguzi wa rais na wabunge. Mahakama ya Kasasyoni ndiyo kilele cha mahakama za kawaida, nayo haisikilizi upya ushahidi wa kesi bali huangalia kama mahakama za chini zilitumia sheria ipasavyo, na ikiona zimekosea huivunja hukumu. Baraza la Dola husimamia mahakama za utawala, zinazoamua ugomvi kati ya raia na ofisi za serikali, yaani kazi ile ile ambayo msimamizi wa teritori wa mwaka 1926 asingeweza kuifanya dhidi yake mwenyewe. Kando ya hizo tatu ipo sheria ya kijeshi, yenye mahakama zake na waendesha mashtaka wake, na Kisangani ina mahakama ya ngome na mahakama ya rufaa ya kijeshi.

Kwa mkazi wa kawaida muhimu zaidi ni sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama za kawaida. Inaagiza kuwapo kwa mahakama moja au zaidi ya amani katika kila jiji na kila teritori. Mahakama hiyo husikiliza makosa ambayo adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 5, pamoja na mashauri ya familia, mirathi na migogoro ya ardhi inayofuata mila, bila kujali thamani ya mali inayogombaniwa. Shauri linapohitaji kuamuliwa kwa mila, hakimu hukaa pamoja na wazee wawili wanaoijua mila hiyo, na huu ndio urithi bora wa baraza la zamani: ujuzi wa wazee umebaki, lakini umewekwa chini ya sheria, kwa kuwa Katiba inaruhusu mila pale tu isipopingana na utulivu wa umma na maadili mema. Anayeshindwa katika mahakama ya amani hukata rufaa mbele ya mahakama ya daraja la pili, ambayo pia huanza na makosa mazito yenye adhabu ya zaidi ya miaka 5 au ya kifo. Na anayeshindwa huko katika kesi iliyoanzia hapo huenda Mahakama ya Rufaa ya Kisangani, ambayo mahakimu wake hukaa watatu. Kwa namna hiyo kila kesi inayofuata ngazi hii hupata kusikilizwa mara mbili kwa ukamilifu wake.

Watoto, wafanyabiashara na wafanyakazi wamewekewa mahakama maalumu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto ilianzisha mahakama za watoto, sheria ya 2001 ilianzisha mahakama za biashara, na ile ya 2002 mahakama za kazi. Pale ambapo mahakama hizo bado hazijasimikwa, mahakama za kawaida hufanya kazi yake.

Hakimu wa Kongo ni wa namna mbili, na wageni wengi huchanganya. Wapo wanaokaa na kuamua, na wapo wa mashtaka, ambao ofisi yao wakazi wa Kisangani na Yangambi huiita parke. Parke hupokea malalamiko, huchunguza, hukamata na kupeleka kesi mahakamani, na jina lake linajulikana vijijini kuliko la mahakama yenyewe, kwa sababu mtu hukutana nayo kwanza. Wote huajiriwa na kupandishwa vyeo kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, lililopangwa na sheria ya 2008, ili cheo cha hakimu kisitegemee hisani ya waziri.

Inafaa kuifuata kesi moja ya kubuni tangu mwanzo ili uzito wa umbali ueleweke. Mtu akikamatwa Yangambi kwa tuhuma ya wizi, kifungo cha 18 cha Katiba kinaruhusu polisi kumshikilia kwa saa 48 tu, kisha lazima aachiliwe au apelekwe kwa mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka anaweza kutoa hati ya kumkamata ya muda, ambayo hudumu siku 5, pamoja na muda wa safari ikiwa hakimu yuko mbali, na ndani ya muda huo mshukiwa afikishwe mbele ya hakimu wa mahakama ya amani, aliye peke yake mwenye uwezo wa kuruhusu azuiliwe kwa siku 15, kisha kwa mwezi mmoja mmoja, kila mara kwa amri mpya yenye sababu. Sheria hii ni nzuri, na haikosi kitu kwenye karatasi. Lakini saa 48 huhesabiwa kwa saa za ukutani, na boti husubiri abiria, mafuta na hali ya mto. Na amri ya kila mwezi inahitaji hakimu aliyepo. Pale hakimu alipo mbali, mshukiwa hukaa ndani kwa sababu ya safari ambayo hakuna aliyeigharimia, na hapo mwenye kosa dogo hupata adhabu kubwa kabla ya hukumu. Hakuna kasoro ya mahakama za Tshopo inayoumiza watu wengi kuliko hii.

Ardhi ndiyo mada nyingine ambamo muundo wa mahakama hujaribiwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya dola, na kifungu chake cha 389 kiliahidi ordonansi ya rais ya kufafanua haki za jamii juu ya ardhi zinazokaliwa kwa mila, ordonansi ambayo haikutolewa kwa miongo mingi. Hivyo mahakimu waliachiwa kazi ya kujaza pengo la mtunga sheria. Yangambi pengo hilo lina sura ya wazi, kwa sababu mashamba ya wanavijiji yanapakana na ardhi ya INERA, taasisi iliyoirithi INEAC, na pia na Hifadhi ya Biosfia iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1976, na kila upande una hati au kumbukumbu yake. Kwamba migogoro ya namna hiyo haipaswi kusubiri ilionekana kwa uchungu kuanzia Februari 2023, pale ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola katika eneo la Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka katikati ya Kisangani, ulipogeuka kuwa mapigano yaliyoua watu, kuchoma vijiji na kuwakimbiza maelfu hadi jijini. Shauri la mipaka lililoamuliwa mapema, mbele ya wazee na hakimu, lingegharimu kidogo sana kuliko hayo.

Jibu ambalo sheria inalitoa kwa tatizo la umbali ni mahakama kuhamia kwa watu. Hakimu, karani, mwendesha mashtaka na mawakili husafiri hadi makao ya teritori au kijiji kikubwa, hukaa siku kadhaa, husikiliza kesi zilizorundikana, na hukumu husomwa mbele ya umma pale pale kosa lilipotendeka. Vikao hivyo, vinavyoitwa chambres foraines, vimeifanya mashariki ya Kongo ijulikane duniani, hasa katika kesi za ubakaji na za makosa ya kivita. Faida yake haipo katika wingi wa hukumu pekee: mwanakijiji huiona sheria ikifanya kazi, mashahidi hawahitaji nauli, na mkosaji huhukumiwa mbele ya watu wanaomjua. Tatizo ni kwamba safari nyingi za aina hiyo zimelipiwa na wafadhili wa nje, na mradi ukiisha, mahakama hurudi jijini. Kazi ya msingi ya dola haipaswi kuendeshwa kwa fedha za kuazima, na kikao cha kuhamahama kilichomo katika bajeti ya taifa, hata kikiwa kimoja kwa mwaka, kina thamani kuliko vitatu vya mfadhili.

Lugha nayo ni umbali wa aina yake. Kesi huandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi, ilhali wenye kesi huzungumza Kiswahili, Lingala, Kiturumbu au Kilokele. Mkalimani huapishwa, na hakimu mzuri huuliza mwenyewe kwa Kiswahili au Lingala kabla ya kumwamuru karani aandike. Wakili, ambaye chama chake kimeunganishwa na Mahakama ya Rufaa tangu sheria ya 1979, ni ghali kwa mkulima, ndiyo maana mtetezi wa mahakama, asiye wakili kamili lakini mwenye ruhusa ya kutetea katika mahakama za chini, ndiye anayewafaa wengi. Chama cha mawakili kinatakiwa pia kuwa na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo, na mtu aliyethibitishwa kuwa maskini anaweza kusamehewa ada za mahakama.

Juu kabisa ya ngazi, Kisangani imeonekana mara mbili katika miaka ya karibuni. Mji huu uliharibiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyopigana ndani yake kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria, kisha tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325, zikiwemo milioni 225 kwa madhara ya watu. Mfuko wa kuwagawia waathirika, FRIVAO, uliundwa mwaka 2019 na makao yake yakawekwa Kisangani. Miaka 16 ilipita kati ya hukumu mbili, na karibu 22 tangu mabomu yaanguke, wakati ambao waathirika wengi walifariki.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 2 Septemba 2025, pale Mahakama ya Kasasyoni ilipomhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka 3 ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa fedha za mradi wa kujenga gereza Kisangani, shtaka ambalo alilikana. Mawaziri, kwa cheo chao, hushtakiwa moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo, ambayo ndiyo ya kwanza na ya mwisho kwao. Linaloitwa upendeleo wa cheo huwanyima wakubwa kile ambacho mwizi wa kuku wa Yangambi anacho, nacho ni hakimu wa pili. Hilo ni kosa la muundo, na linawadhuru hata wale ambao umma haukuwapenda, kwa sababu hukumu isiyoweza kukaguliwa humwacha mwenye hatia na wafuasi wake wakidai daima kwamba ilikuwa ya siasa.

Mikutano mikuu ya taifa kuhusu mahakama, iliyofanyika Kinshasa mwaka 2015 na tena Novemba 2024, iliorodhesha magonjwa yale yale: rushwa, mishahara midogo, mahakimu wachache, na umbali. Kati ya hayo, umbali ndio unaotibika kwa uhakika zaidi, kwa kuwa hautegemei moyo wa mtu bali jengo, boti na bajeti. Serikali ya Kinshasa na ya mkoa wa Tshopo zinadaiwa na wakazi wa Yangambi vitu hivyo vitatu.

Hadi deni hilo lilipwe, mwenye kesi na ajue haki aliyo nayo leo. Aliyehukumiwa katika kesi ya jinai akiwa mahakamani ana siku 10 za kukata rufaa, na katika shauri la madai ana siku 30. Rufaa ya jinai inaweza kutangazwa kwa mdomo au kwa barua, mbele ya karani wa mahakama iliyotoa hukumu, bila kulazimika kwanza kusafiri hadi mahakama ya juu, na karani hana ruhusa ya kuikataa.